Nukta Mbili Nne

…na bado linanguruma hapo nje, lori zima la magodoro na milango, maana hawa watu wanaondoka na milango yao, wameing'oa kwenye bawaba wakaipakia juu ya masufuria, utadhani kule Burundi kuta zimesimama zinangoja milango tu, haya, yasinihusu, kikaratasi mkono wa kushoto, gurudumu mkono wa kulia, shusha kisu, jino moja, vuta karatasi, inateleza, jino lingine, vuta, inateleza, kila jino la gurudumu hili ni sehemu moja ya mia ya milimita, unywele wangu mwenyewe una meno saba, na mimi Deodata wa Nyakahura, mwaka wa pili wa uhandisi, niliyeletwa kwenye karakana hii ya shirika hapa Ngara kwa mafunzo ya vitendo ya wiki kumi, ndiye leo ninayelizungusha peke yangu, bila mtu kunipumulia moshi wa kuni begani, jino, vuta, inateleza, taratibu, karatasi itateleza mpaka ghafla itakapogoma, itabanwa kati ya ncha ya kisu na shaba kama mtu aliyeshikwa shati, na hapo ndipo unaiambia mashine hii ya kuchonga kwa kompyuta, hapa ndipo ncha ya kisu hiki ilipo, juu ya kazi, yaani shaba, kwa unene wa karatasi, andika, kisu cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kila kimoja na urefu wake, huko ndiko kupanga visu, kwa sababu mashine haioni, haijui kisu kina urefu gani wala shaba imekaa wapi, inakuamini wewe, ukiipa uongo inaukata kwenye shaba kwa uaminifu mkubwa… "Fundi Nshimirimana, na kiti pia umebeba?" huyo ni dada Evarista wa stoo, sauti yake inapita ukuta, "utakikalia wapi humo, watu wamepangwa kama kuni!" na lori linacheka, na yeye, sauti ileile ya chini, "Nitakishika tu, dada, kisipotee, cheo nimemwachia binti," binti ni mimi, cheo ni mashine hii, na mwenye sauti ni mkimbizi, mwendeshaji wa mashine hii kwa miaka sita, mwalimu wangu kwa wiki saba, na tangu Jumatatu iliyopita si kitu, jina lililofutwa kwenye barua, mtu wa kupakiwa, na niliyemfuta ni mimi kwa mdomo wangu, kwa hoja, kwa haki, mbele ya watu, sikunong'ona kwenye kona kama wanavyofanya wengine humu… jino, vuta, inateleza… lori limeingia uani kuchota maji tu na kungoja gari la kusindikiza, dakika kumi, kumi na tano, kisha Kabanga, kisha mpaka, kisha mimi na kazi yangu, viti arobaini vya vali vya shaba, vilevile alivyoviharibu, vimerudi kwenye sanduku la mbao kutoka Mabawe, kila kimoja shimo lake halikufika chini, mpira wa vali ukikaa humo unachungulia juu, pampu inavuta hewa, mama anasukuma mkono wa pampu mpaka jasho, maji hayaji, visima kumi na viwili, siku tisa, wanawake wa Mabawe wakarudi bondeni na madumu yao kama zamani, na mwenyekiti wao wa kijiji akaja hapa na kanzu yake ya Jumapili akasimama kwenye kikao akasema mlituambia mashine hii haikosei, jamani, mbona imetukosea sisi… nukta mbili nne, ndicho kipimo, milimita sifuri nukta mbili nne, nilivipima vyote arobaini mwenyewe kwa verniya, kimoja baada ya kingine, vyote vimepungua kina kwa kiasi hichohicho, na hapo nilijua nimempata, nilijua kama unavyojua kwenye mdahalo mpinzani anapofungua mdomo ukaona jino bovu, nikasimama, sikupewa nafasi, niliichukua, "Mheshimiwa mwenyekiti, kosa moja ni ajali, mawili ni uchovu, lakini makosa arobaini yenye kipimo kimoja, hayo si makosa, huo ni msimamo!" na walipiga meza, Bwana Privatus msimamizi wetu alipiga meza, hata mgeni wa shirika, ambaye Kiswahili anakijua nusu, alipiga meza, nikaendelea, mtu akishapigiwa meza haketi, nikasema macho ya mzee huyu hayasomi skrini, nikasema anainama mpaka pua inagusa kioo, nikasema, ndiyo nilisema, mtu aliyekula miaka kumi na minne bila kulima hapati hasara pampu ya mwenzake ikikauka… wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kwa sababu nilitulia pale pa kutulia, nimefundishwa kutulia, jukwaani chuo kizima kinanijua kwa kutulia… na yeye akasimama, kofia mkononi, kofia ya sufu, akasema, "Tulipanga sisi," basi, maneno mawili, kama mtoto aliyekutwa na asali, na mimi nilikuwa bado nimesimama, "Sisi nani, fundi? Taja majina," akanitazama, ananitazama tu, nikasema, "Mheshimiwa, ajibu swali," naye akatazama kofia yake akasema, "Mimi." Nikakaa. Nilikuwa na furaha kifuani kama nimemeza kaa la moto, niseme kweli, hakuna kikombe cha mdahalo nilichowahi kushika kikaniunguza vizuri namna ile… jino, vuta… imegoma. Hapo. Vuta tena, imegoma kabisa, ukilazimisha inaacha alama ya mafuta lakini haichaniki, hivi vikaratasi vyake havichaniki, amejaza kopo zima la kahawa, amevikata kwa mkasi vyote sawa, upana wa kidole, ni kadi za posho, kadi za zamani za kambini zenye namba pembeni zilizotobolewa kila ugawaji, hiki nilichoshika kina matobo matatu na nusu ya jina, …ZIMANA, nani huyu, nilimwuliza siku ya kwanza kadi hizi umezitoa wapi, mzee, akasema bila kuinua kichwa, "Ni za waliomaliza kula," nikadhani nimesikia vibaya, hapana, ndivyo wanavyotania kambini, nami nikacheka nikajisikia mwenyeji… haya, andika, skrini inauliza, kisu cha kwanza, ncha iko juu ya kazi kwa kiasi gani, nukta moja, unene wa karatasi ni sifuri nukta moja sifuri, kitabu cha chuo ukurasa wa sijui ngapi, mhadhiri alitutobolea masikio, karatasi nukta moja, jibu la mtihani, tik, bonyeza… ngoja… Bwana Privatus alisema asubuhi, "Deodata, hivyo vikadi vyake tupa, wageni wakija wakaona tunapimia mashine ya mamilioni kwa kadi za chakula watatuuliza maswali," sawa bosi, basi nichane daftari langu, karatasi safi yenye mistari, ya daftari la midahalo, upande mmoja imeandikwa HOJA: WAKIMBIZI NI MZIGO KWA TAIFA, WATETEZI, na upande wa pili WAPINGAJI, nilitetea raundi ya kwanza nikapinga fainali, nikashinda pote, haya, toa kadi, weka karatasi palepale, kisu hakijasogea, vuta, itagoma tu… inateleza. Mbona inateleza. Inapita kama mtu anayepita mlango ulio wazi, huku na huku, hata haigusi, nimegusa gurudumu bila kujua? sijagusa, namba ileile kwenye skrini, rudisha kadi, kadi inagoma, weka karatasi, karatasi inapita, kadi inagoma, karatasi inapita… kadi ni nene. Ni nene, bila shaka, kadi ni kadi, mtoto wa chekechea anajua, basi tuone ni nene kiasi gani, shusha, jino moja, vuta, inateleza, mbili, inateleza, tatu… "Overoli ni mali ya shirika, mzee wangu," huyo Bwana Privatus huko nje, sauti ya ofisi, "na ufunguo wa kabati," na Nshimirimana, "Ufunguo upo mlangoni, bosi, overoli nimeifua, ila lile doa la grisi halikutoka, lilikataa kunihama," na mtu wa juu ya lori anapiga kelele, "Panda, fundi, shamba lako linakungoja!" na yeye, "Linaningoja kweli, limeshachimbwa tayari," na lori linacheka tena, wanacheka nini, wanajua wanachocheka? mimi najua, alinisimulia tukila maharage, kwa utulivu kama anasimulia hali ya hewa, kwamba anayekaa kwenye shamba lake kule ng'ambo ndiye aliyewamaliza kaka zake wawili mwaka wa tisini na tatu, na mwaka jana alituma salamu kwa mtu wa kambini, mwambieni Nshimirimana akija nitamzika humohumo kwenye migomba yake, asipate taabu ya kutafuta mahali, na nilipoacha kijiko akaniambia, "Kula, mwanangu, yanapoa"… nane, inateleza, tisa, inateleza, kumi, barua ya shirika ndiyo ilikuwa inamweka hapa, barua ya watumishi wa lazima, jina likiwamo humpakii mtu mpaka siku kambi itakapofungwa, jina likifutwa unapakiwa msafara wa kwanza, kumi na tatu, inateleza, kumi na nne, kwa hiari, wanaita kwa hiari, kumi na tano, na jana jioni Bwana Privatus aliniita ofisini akanionyesha barua mpya mfukoni mwa shati lake, haijagongwa muhuri, akasema, "Deodata, mimi huyu mzee nimekaa naye miaka sita, kama lipo neno lolote la kumtetea, hata moja, niletee kabla lori halijavuka geti, jina nitalirudisha kwa kalamu yangu mwenyewe, ila mimi si fundi, sina neno, mwenye neno ni wewe," na mimi nikajibu, "Sina, bosi," nilijibu mara moja, bila kutulia, mahali penyewe pa kutulia… kumi na nane, inateleza, kumi na tisa, ishirini, inateleza, moja, inateleza kwa shida, mbili, inakwaruza, tatu, inavutika lakini inalia, nne. Imegoma. Ishirini na nne. Meno ishirini na manne. Hapana, nimehesabu vibaya, nilikuwa namsikiliza Privatus, pandisha, anza upya, kadi, inagoma, toa, karatasi, moja mbili tatu nne tano sita, usisikilize nje, saba nane tisa kumi, kumi na moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, ishirini, moja, mbili, tatu, imegoma… hapana, vuta vizuri, bado inavutika, nne. Imegoma. Nukta mbili nne. Karatasi nukta moja, kadi nukta tatu nne, na anayepimia kwa kadi halafu akaandika nukta moja anaiambia mashine ncha iko chini kuliko ilivyo, na mashine inaamini, na kila shimo linapungua nukta mbili nne, kila moja, arobaini, kipimo kimoja, si makosa, huo ni msimamo… nani aliandika. Nani aliandika siku ile, Alhamisi, ilikuwa Alhamisi, siku walipowaita wakimbizi wote kuhesabiwa, kuanzia alfajiri, alama za vidole, yeye alikuja saa sita na kidole gumba cheusi, na asubuhi ile mashine nilipanga… jenereta iliwashwa saa mbili, nilikuwa peke yangu, nilifurahi kuwa peke yangu, nilikwenda kwenye kopo la kahawa nikachukua kikadi kwa sababu hakichaniki, visu vinne, nilihisi vizuri kugoma kwake, mikono yangu ilikuwa myepesi, nikaandika nukta moja, nukta moja, nukta moja, nukta moja, mara nne, na niliona fahari… na saa sita akaingia akanawa mikono akauliza, "Umepanga, mwanangu?" nikasema, "Kama ulivyonifundisha, mzee," akasema, "Basi vizuri," akabonyeza kitufe cha kijani, akatia sahihi kwenye karatasi ya kazi, sahihi yake, maana mwanafunzi haruhusiwi kusaini… kama ulivyonifundisha… lakini hakunifundisha namba! hakuitaja hata siku moja, alikuwa anaiandika mwenyewe, anainama kwenye skrini anabonyeza, mimi nimesimama… nimesimama wapi, nimesimama hatua mbili nyuma, karibu na dirisha, kwa sababu koti lake linanuka moshi, ule moshi wa kuni mbichi wa kambini unaoingia kwenye nyuzi hautoki, nilikuwa nimevaa blauzi ya chuo, sikutaka unishike, wiki saba bega lake limeziba namba na wiki saba sikusogea… angesema! angesema, mwalimu gani haandiki ubaoni, mwalimu gani anaacha mwanafunzi asimame dirishani, huo ndio uzembe, hapo ndipo penye hoja, mheshimiwa mwenyekiti, wajibu wa kufundisha ni wa anayejua… na baada ya kikao alinifuata hapa mashineni, watu wametoka, akasema, "Mwanangu, siku nyingine uliza," nikamjibu, nilimjibu nini, "Niulize nini, mzee, na nimwulize nani?" na sikumpa hata nafasi ya kujibu, nilikwenda kula. Kwa hiyo alijua. Alijua pale kikaoni, mgeni wa shirika alipotamka tu nukta mbili nne yeye alijua, hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua nukta tatu nne, akatoa humo nukta moja kichwani mwake akanipata, akasema tulipanga sisi, akanitazama, ananingoja, ananiachia nafasi ya kusimama, na mimi nilikuwa nimeshasimama, sisi nani, taja majina… na angetaja. Kwa nini hakutaja? Nani alimwomba? Mimi sikumwomba mtu anibebee kitu, sipendi watu wa namna hiyo, wanakubebea halafu unabaki na deni usilolisaini, angelitaja jina langu tungejibizana, ningemshinda au angenishinda, hayo ndiyo maisha ya watu wazima, lakini yeye, mimi, akasema, mimi… au hakuwa mwema, au alipiga hesabu tu, mkimbizi amtaje msichana wa Kitanzania, mwanafunzi wa chuo kikuu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji chenye kiu, nani angempigia meza? ndiyo, ni hesabu, hakunihurumia, alijua hatashinda akatoka kwa heshima, mjanja, afadhali iwe hivyo, Mungu wangu ifanye iwe hivyo… "Deodata!" Evarista, kichwa mlangoni, kanga begani, "mzee wako anaondoka, huji hata kumpa mkono? Au mkono umeshikwa na mashine?" "Nakuja, dada, nimalizie sifuri," "Sifuri haikimbii, wewe, mtu ndiye anakimbia," na kicheko, na ameondoka, sifuri haikimbii, mashine inaanzia kuhesabu kona ya kushoto ya shaba, urefu na upana nimeshaviweka tangu asubuhi, bado kina, kisu nimekirudisha juu meno ishirini na manne mpaka kadi ikagoma tena, bado hii namba moja inayowakawaka kwenye skrini inangoja nikubali au nifute, sifuri nukta moja sifuri, kama nikiikubali kisu kitapita hewani juu ya shaba, hakitakata chochote, viti vitabaki vilevile vibovu, na nikiandika tatu nne kisu kitashuka, kitakula ile nukta mbili nne iliyobaki, viti vyote arobaini vitapona, leo leo, kabla ya saa kumi, hakuna shaba iliyopotea, hakuna kilichoharibika kumbe, kina kikipungua unakata tena, alisema hivyo pale kikaoni, sasa nakumbuka, alianza kusema "Lakini vinaweza kurud—" na nikamkata kauli, hoja ya utaratibu, mheshimiwa, mzungumzaji hajaruhusiwa… nenda basi. Hatua ishirini mpaka uani. Bosi, neno ninalo. Maneno mawili, nilipanga mimi, hata pumzi hayahitaji, Privatus ana kalamu, barua haina muhuri, lori bado liko ndani ya geti, mzee anashuka na kiti chake, anavaa overoli yake yenye doa… na mimi? Mimi nafungasha, barua kwa mkuu wa idara, mwanafunzi huyu alidanganya kikao, na ile nafasi, Bwana Privatus ameshanong'ona kwamba nikimaliza chuo mashine ni yangu, mwendeshaji, mwanamke, mtoto wa Biharamulo, mama ameshawaambia soko zima la Nyakahura, mama ambaye duka lake lina paa la madebe ya mafuta ya msaada, alinunua kwa wakimbizi mafuta yao na unga wao mlangoni kwetu nikiwa mdogo, akina mama wenye kadi shingoni kwenye kamba, walikuwa wanatusalimu sisi watoto, shikamoo, wanatupa sisi shikamoo, watu wazima, kwa kuogopa tusije tukakataa, na mimi niliitikia marahaba, nilikuwa na miaka minane nikaitikia marahaba… jukwaani, ukitakiwa kutetea upande usioupenda, unaanza na wengi, wengi ni hoja nzuri daima, kwa hiyo, wengi: wanaondoka wote, leo au mwakani, kambi inafungwa, yeye ni mmoja kwenye lori la watu sabini na hakuna aliyeuliza wale sitini na tisa wana mashamba ya namna gani, kumrudisha mmoja ni upendeleo, na pili, vitisho ni vitisho, anayetaka kuzika hatumi salamu, na tatu, visima, visima vinamtaka mtu anayejua sasa namba ya kadi, na anayeijua nipo, nikiondolewa mimi na yeye ameondoka, nani atawapa maji wanawake wa Mabawe? hoja imesimama, imesimama yenyewe, haina hata ufa, nasubiri upande wa pili usimame, upande wa pili ni mimi, na sisimami… kivuli. Yupo dirishani. Amekuja mwenyewe, upande wa nje, kofia ya sufu, pale pale nilipokuwa nikisimama mimi kukwepa koti lake, sasa kioo kiko kati yetu, na ananitazama mikono, hanitazami uso, anatazama kadi na karatasi ya daftari zimelala sambamba juu ya vaisi iliyobana shaba, moja ina nusu ya jina, nyingine mistari, na kisu juu yake, na ninaona anavyosoma, anasoma kama mtu anayesoma barua fupi, na macho yanayosemekana hayasomi yamemaliza, "Umepata, mwanangu?" anasema kupitia kwenye kioo kilichopasuka, na mimi, mdomo huu, ulionyamazisha kumbi, "Bado, mzee," na yeye, "Buhoro buhoro," polepole, ndivyo alivyokuwa akisema wiki saba nilipozungusha kwa pupa, "usiilazimishe, itakuambia yenyewe," anangoja kidogo, ananiachia nafasi tena, mara ya pili mtu huyu ananiachia nafasi, kidole gumba chake kwenye ukingo wa dirisha kina tena wino kwenye mikunjo, wa kuandikishwa msafara, na ninasikia ulimi wangu unajipanga, najua ulimi wangu unapojipanga, na ninalosema ni, "Safari njema, mzee, shikamoo," shikamoo kwa kuaga, kama mjinga, na yeye anacheka meno yote, "Marahaba, binti, marahaba," na kivuli kimeondoka kwenye kioo, na kioo kina jua tupu. Futa moja. Bonyeza tatu. Bonyeza nne. Sifuri nukta tatu nne, kubali, kisu cha kwanza tayari, na nimeshaiona mbele yangu ripoti yangu ya mafunzo, sura ya nne, nimeshaisikia sentensi, baada ya kubadilishwa kwa mwendeshaji vipimo vilirudi katika hali yake, kila neno la kweli, hakuna mhadhiri atakayeweka alama nyekundu, kesho wataingiza viti visimani, maji yatakuja, mwenyekiti wa kijiji atasema mnaona, alipoondoka yule mzee tu, mnaona, na kadiri nitakavyopanga vizuri visu hivi vitatu vilivyobaki ndivyo atakavyokuwa na hatia zaidi, kila kiti kitakachotoka sawa kitasimama kinyume chake kama shahidi, mashahidi arobaini wa shaba, ninawatengeneza mimi, kwa namba yake, kwa kadi yake… "Deodata," Bwana Privatus, mlangoni, overoli iliyofuliwa imekunjwa kwenye mkono wake, mkono mwingine uko mfukoni mwa shati, kwenye ile barua, hata haingii ndani, anauliza kama mtu anayeomba, "hakuna neno?" na ninamtazama machoni, hilo nalo tulifundishwa, mtazame jaji machoni, "Hakuna, bosi," "Basi," anasema, "basi," na viatu vyake vinaenda zake, na mimi nimeshafungua kisu cha kwanza nimefunga cha pili, kadi chini yake, shusha, jino, vuta, inateleza, kumbe mimi ni mtu wa namna hii, ni vizuri kujua, wengine wanazeeka hawajajua, jino, vuta, inateleza, ila mbona bado linanguruma, dakika kumi na tano zimepita, maji wameshachota, magodoro yamefungwa, wamepanda wote, jino, vuta, linanguruma tu palepale chini ya dirisha, na kadiri linavyosimama hatua ni zilezile ishirini, jino, vuta, dereva wewe, unangoja nini, ondoka, Mungu wangu liondoe hili gari, ondoka basi, ondoka…